Anayelipia utafiti ndiye anayechagua ugonjwa

KATIKA hospitali za Bangkok, Rio de Janeiro na Paris, daktari anapoandika kwenye cheti cha mgonjwa neno chikungunya, anaandika neno la Kimakonde. Neno hilo lilitoka vinywani mwa wagonjwa wa Newala, waliokuwa wakieleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu hadi akashindwa kusimama wima. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, uliokuwa sehemu ya Jimbo la Kusini la Tanganyika.

Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo ilipata kibali Novemba 2023, nchini Marekani. Kutoka mlipuko wa Newala hadi siku hiyo ni miaka 71.

Mkulima wa korosho wa Masasi anaweza kuuliza habari hii inamhusu nini, na kwa nini iandikwe kwenye kurasa za biashara na kilimo badala ya kurasa za afya. Inamhusu kwa sababu kuchelewa huko kulitokana na fedha zaidi kuliko ugumu wa sayansi. Utafiti wa dawa, iwe dawa ya binadamu, ya ng'ombe au ya mkorosho, una gharama, na anayetoa fedha ndiye anayeamua ni ugonjwa wa nani utakaotafutiwa tiba. Mkulima wa kusini amewahi kuwa upande wa anayesahaulika, na amewahi kuwa upande wa anayehudumiwa. Ni vema akajua tofauti ilitoka wapi.

Ikumbukwe kwamba wataalamu hawakuchelewa kuufahamu ugonjwa wenyewe. Daktari Marion Robinson na mtafiti W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo ya mlipuko ule mwaka 1955. Kabla ya hapo, mwaka 1953, R.W. Ross wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki iliyokuwa Entebbe, Uganda, alikuwa amekipata kirusi chenyewe katika damu ya wagonjwa wa Newala. Mbu anayekieneza pia alijulikana: ni Aedes, yule mwenye madoadoa meupe anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani. Kwa watu wa uwanda wa Makonde, ambako shida ya maji ni hadithi ya miaka mingi na kila nyumba ililazimika kuweka akiba kwenye mitungi, mbu huyo hakuhitaji kutafuta makazi mbali.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1950 dunia ilikuwa na dalili za ugonjwa, kirusi chake, na mbu wake. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia hatua iliyofuata.

Wapo watakaosema chikungunya hauui sana, na ni kweli kwamba wengi wanaougua hupona homa ndani ya wiki moja hivi. Lakini maumivu ya viungo vya mikono, magoti na vifundo vya miguu yanaweza kuendelea kwa miezi, na kwa baadhi ya watu kwa miaka. Mbu huongezeka wakati wa mvua, na mvua ndiyo msimu wa kupanda na kupalilia. Mkono unaoshindwa kushika jembe Januari ni ghala lenye upungufu Julai. Hasara hiyo haionekani kwenye takwimu za vifo, na hakuna aliyeiandika kwenye hesabu za kampuni yoyote ya dawa.

Hesabu za kampuni

Tuzitazame hesabu hizo bila chuki. Kampuni ya dawa hufikiri kama mkulima anayechagua kati ya ufuta na mbaazi: inaangalia gharama ya shamba, uwezekano wa zao kukataa, na bei itakayopatikana sokoni. Tofauti ni ukubwa wa hesabu na urefu wa msimu.

Dawa mpya huanzia maabara, ikapimwa kwa wanyama, kisha ikajaribiwa kwa binadamu katika hatua tatu, kuanzia watu wachache hadi maelfu. Safari hiyo huchukua miaka kumi au zaidi. Katika kila dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban moja ndiyo inayofika sokoni. Dawa hiyo moja hubeba gharama za zile tisa zilizoshindwa.

Ni kiasi gani hasa? Wataalamu wanabishana. Hesabu ya kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, iliyotangazwa mwaka 2014 ilisema dola bilioni 2.6 kwa dawa moja. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia hesabu ambazo kampuni zenyewe ziliziweka wazi, ulipata kiwango cha kati cha chini ya dola bilioni moja. Sehemu kubwa ya kiasi cha kwanza, karibu nusu, haikuwa fedha iliyotoka mfukoni. Ilikuwa gharama ya mtaji uliofungiwa miaka mingi bila kuzalisha. Mkulima aliyewahi kusubiri malipo ya pili ya korosho huku karo ya shule ikidaiwa anaielewa gharama hiyo.

Kampuni hurudisha fedha zake kwa njia ya hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake kwa miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Muda ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza na bei inashuka. Dawa nyingi zinazouzwa katika maduka ya dawa muhimu vijijini kwetu ni hizo ambazo hataza zake zimekwisha.

Kwa utaratibu huu kampuni lazima iulize kwanza: nani atanunua, na kwa bei gani? Mwaka 2018 kampuni za dawa duniani zilitumia karibu dola bilioni 180 kwa utafiti. Mwaka huohuo fedha zote zilizotumika duniani, za serikali, wafadhili na kampuni kwa pamoja, kutafiti magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi maskini, ukijumlisha malaria, kifua kikuu na UKIMWI, zilikuwa kama dola bilioni 4. Wagonjwa wapo kwa mamilioni, lakini mfuko wa mgonjwa ndio unaohesabiwa.

Mfano mmoja unawahusu wafugaji. Dawa ya ivermectin, ambayo wananchi wa mwambao na mikoa ya kusini wameimeza katika kampeni za kutokomeza matende na mabusha, iliingia sokoni mwaka 1981 kama dawa ya minyoo na wadudu wa mifugo. Wafugaji wa nchi tajiri ndio waliokuwa soko lake. Kampuni ya Merck, ikiwa imekwisha kupata faida huko, ilitangaza mwaka 1987 kuitoa bure dhidi ya upofu wa mto, na mwaka 1998 ikaongeza matende. Ni jambo jema, na tunalishukuru. Lakini dawa hiyo ilipatikana kwa sababu kulikuwa na mwenye ng'ombe aliyeweza kuilipia.

Fedha ilivyofuata ugonjwa

Sasa turudi kwa chikungunya tuone fedha ilivyotembea.

Wa kwanza kuweka fedha kwenye chanjo alikuwa jeshi la Marekani, kuanzia miaka ya 1960, kwa sababu askari wake walikuwa wakipelekwa maeneo ya Asia yenye ugonjwa huo. Chanjo yao ilitumia kirusi kilichotoka Thailand. Ilijaribiwa kwa binadamu na matokeo yakachapishwa mwaka 2000, yakionyesha matumaini. Kazi ikasimamishwa kwa kukosa fedha, kwa kuwa hakuna aliyeona soko.

Miaka minne tu baadaye ugonjwa ulizuka Lamu, kwenye pwani ya Kenya. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba karibu watu watatu kati ya wanne katika mji huo walikuwa wameambukizwa. Mwanzoni mwa mwaka 2005 ukawa Komoro. Hadi hapo habari hizo hazikutikisa bajeti za wakubwa.

Kisha ukafika Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi ambacho ni sehemu ya Ufaransa. Mwaka 2005 na 2006 watu zaidi ya 260,000 waliugua, takriban theluthi moja ya wakazi wote. Mwaka 2007 ukaingia kaskazini mwa Italia, na mwishoni mwa mwaka 2013 ukaingia visiwa vya Karibi na kutoka huko ukasambaa Amerika nzima, ambako mwaka 2014 pekee wagonjwa waliodhaniwa kuwa nao walizidi milioni moja.

Hapo fedha ikapatikana. Kampuni ya Valneva, yenye makao yake Ufaransa, ilianza kutengeneza chanjo kwa kutumia kirusi kilichochukuliwa Réunion mwaka 2006. Mwaka 2019 CEPI, muungano wa kimataifa unaofadhili chanjo, iliahidi hadi dola milioni 23.4. Majaribio makubwa yalifanywa kwa watu wazima zaidi ya 4,000 nchini Marekani, na kibali kikatolewa Novemba 2023, walengwa wakuu huko wakiwa wasafiri. Kwa kuwa sheria ya Marekani huizawadia kampuni inayoleta tiba ya ugonjwa wa kitropiki cheti cha kuharakishiwa ukaguzi wa dawa nyingine, Valneva ilikiuza cheti hicho mwaka 2024 kwa dola milioni 103. Februari 2025 chanjo ya pili, ya kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark, nayo ikapata kibali Marekani.

Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisimamisha leseni ya ile chanjo ya kwanza, baada ya taarifa za madhara makubwa, hasa kwa wazee. Hilo linatukumbusha kwamba utafiti hauishi siku ya kupata kibali, na kwamba kuharakisha kwa pupa baada ya miaka 50 ya kulala kuna bei yake.

Msomaji atazame orodha hiyo tena: Thailand, Marekani, Réunion, Italia, Karibi. Newala ilitoa jina na damu ya kwanza, lakini haikuwahi kuwa mnunuzi. Mgonjwa wa chikungunya anayefika zahanati ya kijiji hupewa paracetamol na kuambiwa anywe maji mengi na kupumzika, matibabu ambayo hayatofautiani sana na yale ya mwaka 1952.

Wakulima wa kusini wanaujua mchezo huu kwa jina jingine, kangomba. Anayekuja na fedha taslimu wakati wa njaa, mkorosho ukiwa bado maua, ndiye anayepanga bei ya korosho zitakapoanguka. Katika utafiti pia, aliyetoa fedha mapema ndiye mwenye mavuno. Kumlaumu hakutoshi. Dawa ya kangomba siku zote imekuwa mkulima kuwa na fedha zake mwenyewe na chama chake mwenyewe kabla ya msimu.

Somo la salfa

Wakulima wa Masasi na Newala wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Bei ilikuwa ndogo, na kuhamia vijijini kuliwaacha wengi mbali na mikorosho yao. Pamoja na hayo kulikuwa na ugonjwa wa ubwiri unga, ulioonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 na kukausha maua kabla ya kuzaa. Hakuna kampuni kubwa ya dawa iliyokuwa na haraka ya kutafuta tiba ya mkorosho wa Mtwara, kama ambavyo haikuwa na haraka na homa ya Newala.

Lakini kulikuwa na kituo cha utafiti Naliendele. Wataalamu wake, pamoja na wenzao kutoka nje, walitambua kwamba ubwiri unga ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuanguka kwa zao, wakathibitisha kwamba unga wa salfa unauzuia. Salfa haikuwa uvumbuzi mpya. Wakulima wa zabibu wa Ulaya waliitumia tangu karne ya 19. Kazi ya utafiti ilikuwa kujua ipulizwe lini, kiasi gani, mara ngapi na kwa mashine ipi katika mkorosho wetu na hali ya hewa yetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: maswali hayo yasingejibiwa na maabara ya mbali.

Fedha ya mwanzo ilitoka serikalini na kwa wafadhili. Baadaye korosho yenyewe ikaanza kuchangia, kupitia makato na ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ambao sehemu yake kubwa, asilimia 65, ilirudi kuendeleza zao: utafiti, miche bora, pembejeo. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani zaidi ya 313,000.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria, na ushuru wote wa korosho ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Msimu uliofuata mavuno yalikuwa karibu tani 225,000. Hatusemi kuwa sababu ni hiyo moja. Hali ya hewa na vurugu za soko za msimu ule zilikuwa na sehemu yake. Tunachosema ni kwamba mkulima aliyekuwa amekwisha kuwa mlipaji wa utafiti wake alirudishwa kuwa mwombaji kwa saini moja. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa tena na sehemu ya ushuru ikarudi kwenye kilimo, na msimu wa 2024/25 mavuno yametajwa kuvuka tani 500,000. Kilichobadilishwa mara mbili ndani ya miaka minne kinaweza kubadilishwa mara ya tatu.

Nini kifanyike

Kwanza, fungu la utafiti katika ushuru na makato ya korosho litajwe kwa kiwango chake ndani ya sheria, lisiachwe kwa huruma ya bajeti ya mwaka. Hesabu yake haitishi. Katika mavuno ya tani 300,000, kila shilingi 10 kwa kilo ni shilingi bilioni 3. Kwa bei ya shilingi 3,300 iliyotangazwa na Serikali Novemba 2018, shilingi 10 si hata nusu ya asilimia moja.

Pili, wanachama waulize. Kwenye mkutano wa chama cha msingi makato husomwa haraka, na wengi husubiri tu kusikia kiasi kinachobaki. Mwanachama wa TANECU au MAMCU ana haki ya kuuliza fedha ya utafiti iliyokatwa mwaka jana ilijibu swali gani, na kupendekeza swali la mwaka ujao. Anayelipa bila kuuliza hatofautiani sana na asiyelipa.

Tatu, Serikali itimize ahadi ya Umoja wa Afrika, iliyorudiwa Addis Ababa mwaka 2007, ya kila nchi kutumia angalau asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Fedha hiyo ifike NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na ifike pia vituo vya kilimo. Hatuwezi kushindana na dola bilioni 180, wala hatuhitaji. Kama salfa ilivyoonyesha, faida kubwa ya nchi maskini mara nyingi ipo katika utafiti wa kuifanya dawa inayojulikana ifae mahali pake.

Nne, wagonjwa wahesabiwe. Homa nyingi kusini huitwa malaria bila kipimo, au zikipimwa na malaria ikakosekana, jina la ugonjwa halitafutwi. Hospitali za Newala, Masasi na Ndanda zikiwezeshwa kupima chikungunya na dengue, kutakuwa na takwimu. Bila takwimu hakuna soko linaloonekana wala hoja ya kumpelekea mfadhili, na hata Wizara itapanga bajeti kwa kukisia.

Tano, damu na virusi vyetu visitoke bila masharti. Mkataba wa dunia wa kukabili magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 uliacha suala la kugawana faida za sampuli lijadiliwe katika nyongeza yake. Wajumbe wetu katika mazungumzo ya namna hiyo wana mfano ulio wazi kuliko nchi nyingi. Wautaje Newala kwa jina.

Wapo watakaosema mkulima anayedaiwa karo na bati za nyumba hawezi kufikiria utafiti. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kiwango kiwe kidogo na matumizi yawe wazi. Lakini mkulima huyohuyo hununua salfa kila mwaka kwa sababu amekwisha kuona mkorosho uliopuliziwa na ambao haukupuliziwa. Utafiti ni kama kupulizia. Ukisubiri hadi maua yakauke, fedha yako haisaidii tena, na msimu huo umekwenda.